Jaketi la Ngozi: Hesabu Futi Kabla ya Kuhesabu Pesa

Ukiambiwa jaketi jipya la ngozi halisi, saizi ya mtu mzima, linauzwa shilingi 4,000, usifungue pochi. Fungua kikokotoo cha simu.

Ngozi iliyokwisha tengenezwa huuzwa kwa futi ya mraba, si kwa kilo wala kwa mita. Jaketi la kawaida hula futi 40 hivi, na mkataji hupoteza nyingine njiani, maana ngozi haiji na pande nne kama kitambaa. Ina shingo, ina miguu, ina tundu la kisu pale mchinjaji alipokuwa na haraka. Ongeza sehemu moja ya tano, ufike futi 48. Mbuzi wetu hutoa futi nne hadi sita za ngozi, tuseme tano. Jaketi lako ni mbuzi kumi.

Nitatumia namba za mviringo ili hesabu iende. Wewe weka bei ya siku utakayoiulizia. Futi kwa shilingi 150, futi 48 ni 7,200. Bitana 800. Zipu ya chuma ya mbele na ndogo za mifukoni, 600. Uzi wa nailoni na gundi, 300. Mkono wa fundi, 3,500. Jumla 12,400, na hapo hatujagusa kodi ya kibanda, stima wala faida. Kwa hiyo huyo wa 4,000 anauza mtumba, au anauza kitu kisicho ngozi, au anauza mali ya mtu mwingine.

Nairobi, mwenye pesa kidogo ana njia nne: ngozi bandia mpya, ngozi iliyosagwa na kugandishwa, mtumba wa ngozi halisi, na jaketi la kushonesha kwenye karakana ya familia. Kuna ya tano, kuagiza nje kwa mtandao, nayo tuimalize sasa hivi.

Tangu Julai 2022, ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki una daraja la asilimia 35 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, za ngozi zikiwemo. Jaketi la 10,000, nauli na bima zikiwa ndani, linaongezewa 3,500. Kisha VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya 13,500, si juu ya 10,000. Hiyo ni 2,160. Umefika 15,660 na bado kuna ada ya tamko la kuingiza mzigo, tozo ya reli, na ada ya msafirishaji aliyekushughulikia makaratasi. Mabega yasipokutosha, nauli ya kulirudisha ni yako. Achana nayo.

Sasa ngozi bandia, ile yenye lebo ya PU. Ni kitambaa kilichopakwa poliuretani. Kwa 2,000 hadi 3,000 unapata jaketi jipya, jepesi, lenye sura nzuri, linalopanguswa kwa kitambaa chenye maji likawa safi. Haya si mambo ya kudharau. Shida yake ni kwamba joto na unyevu huvunja poliuretani yenyewe, hata jaketi likiwa limetundikwa tu kabatini. Kola huanza, viwiko vikafuata, kisha linachubuka vipande vinavyokuganda shingoni. Likifika hapo halina dawa. Fundi anayeahidi kulipaka rangi anakuuzia wiki mbili. Linunue kwa kijana anayekua, kwa shughuli moja, au kama unahitaji kuvaa kesho na mfukoni una 2,500 basi. Usilinunue ukitegemea miaka.

Ninachokichukia zaidi ni ngozi ya kugandishwa. Mabaki ya kiwandani husagwa, huchanganywa na gundi ya plastiki, hubanwa yakawa shuka kama la karatasi, kisha juu hupakwa na kupigwa chapa ya vinyweleo. Kwa kuwa kuna ngozi ndani yake, muuzaji hasemi uongo kamili, na lebo ya “Genuine Leather” haitakueleza ni ngozi ya aina gani. Bei yake hupanda hadi karibu na ngozi ya kweli, lakini ikikunjwa kwenye kiwiko hukatika kama boksi. Unalipa bei ya moja na kupata umri wa nyingine.

Kuzitofautisha hakuhitaji kiberiti, ingawa kila soko lina jamaa wa kukuonyesha moto. Ukichoma ngozi halisi nayo inaungua, na jaketi tayari lina kovu. Tone la maji halikupi jibu pia, kwa sababu ngozi nyingi za majaketi zimepakwa na maji huteleza juu yake. Tafuta upande wa nyuma. Ingiza kidole chini ya pindo au ndani ya mfuko pale bitana ilipoachia, uangalie. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpangilio. Bandia ina kitambaa kilichofumwa. Ya kugandishwa ina uso mmoja laini wa unga uliokandamizwa. Halafu tazama vinyweleo vya juu kwenye mwanga. Michoro ikijirudia ileile kila baada ya inchi kadhaa, hiyo ni chapa ya mashine.

Lakini angalia: chapa ya mashine hupigwa hata kwenye ngozi halisi, na hapo ndipo inabidi kujua ngozi hutengenezwa vipi, maana bei inaamuliwa huko.

Ngozi mbichi ya ng'ombe ni maji karibu theluthi mbili. Isipotiwa chumvi au kuwambwa kivulini mapema, inaanza kuoza, na uozo wa siku ya kwanza huonekana kwenye jaketi kama vidoa visivyoshika rangi. Kisu cha kuchunia kikiteleza, tundu. Miiba na kupe wa malishoni huacha makovu. Chapa ya moto hupigwa mara nyingi pajani, na eneo la matako na mgongo ndilo lenye ngozi bora kuliko mwili wote. Mfugaji anatia alama mali yake na papo hapo anaipunguzia bei.

Kwenye viwanda kama vya Thika na Athi River, ngozi hulowekwa kutoa chumvi na damu, kisha huingizwa kwenye chokaa na salfaidi zinazoyeyusha manyoya. Mashine ya visu hukwangua mafuta na nyama iliyobaki. Chokaa hutolewa, vimeng'enya hulainisha, chumvi na asidi huandaa njia, halafu ndani ya pipa kubwa la mbao linalozunguka huwekwa chumvi za kromu. Kufikia siku ya pili hivi ngozi imegeuka samawati na haiwezi kuoza tena. Baadaye hupunguzwa unene, hutiwa rangi, hulishwa mafuta ili isikakamae, hukaushwa, hunyooshwa na kupakwa. Katika tani moja ya ngozi ghafi zinatoka kilo 200 hadi 250 tu za ngozi iliyokamilika. Zilizobaki ni manyoya, mafuta, vipande, na maji machafu ambayo ni lazima mtu alipe kuyasafisha. Futi yako inabeba hiyo gharama.

Ngozi ya ng'ombe, kwa kuwa ni nene, hupasuliwa pia kwa ubavu, tabaka la juu na la chini. La juu lina vinyweleo vyake vya asili na nyuzi zilizobanana. Ndilo lenye nguvu. La chini ni legevu, hivyo hupakwa plastiki na kupigwa chapa lifanane na la juu. Yote mawili ni ngozi. Moja litavaliwa na mdogo wako ukilichoka, jingine litapasuka kwenye mshono. Ngozi ya juu yenye makovu mengi nayo hupigwa msasa, ikapakwa rangi nzito na kuchapwa. Inadumu vizuri tu, ila isiuzwe kwa bei ya ile safi. Muulize muuzaji: ni tabaka la juu, limepigwa msasa au la? Akijua jibu, endelea kuzungumza naye. Akikuambia “ni original”, nenda kibanda kinachofuata.

Utamkuta pia anayeongeza 3,000 kwa sababu ngozi yake “imetengenezwa kwa mimea”. Ngozi ya mimea ipo kweli. Magome ya miwati, mti unaolimwa nyanda za juu za Kenya na kule Njombe, Tanzania, hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, na kazi hiyo huchukua majuma hata miezi pale kromu inapochukua siku moja au mbili. Inatoka nene, ngumu, ya rangi ya udongo, na ni nzuri sana kwa mikanda, makubadhi na matandiko ya farasi. Kwa jaketi ni nzito na inachelewa kulainika. Usilipe hiyo 3,000.

Tufike kwa karakana ya familia. Ndiyo bei ya juu katika njia zetu nne, zaidi ya 12,400, hata 15,000, kwa hesabu yangu, na kuna wakati inastahili kila shilingi. Kwa kawaida baba au mjomba ndiye anayekata, kwa sababu kukata ndiko kunakopoteza pesa: panga kipande cha kifua kwenye ngozi ya tumbo na jaketi litalegea upande mmoja. Mama au binti yuko kwenye cherehani nzito, kijana mwingine anapiga gundi, anagonga mishono kwa nyundo na kupeleka mizigo kwa bodaboda. Hakuna duka katikati. Michoro ya saizi yako hubaki ukutani, na zipu ikiharibika miaka miwili baadaye unarudi kwa mtu yuleyule aliyeishona.

Mtindo ambao wengi huwaletea mafundi hawa, ule wa zipu ya mshazari kifuani na mkanda kiunoni, nao ulitoka kwenye biashara ya familia. Ndugu wawili, Irving na Jack Schott, walianza kushona makoti ya mvua New York mwaka 1913, na mwaka 1928 Irving akatoa jaketi hilo la waendesha pikipiki kwa dola 5.50. Kampuni hadi leo iko mikononi mwa ukoo huo. Wa kwetu hawahitaji jina hilo mgongoni ili kushona vizuri, na wewe usilipie nembo ya kubandika.

Udhaifu wa biashara ya familia ni kwamba ni familia. Kukiwa na msiba shambani, jaketi lako linasubiri. Risiti mara nyingi ni karatasi ya daftari. Bei hupanda Juni na Julai baridi ikikaza, na ahadi ya wiki moja inakuwa tatu. Ukiagiza Januari au Februari unapata nafasi ya kupatana na fundi asiye na foleni. Kama unasoma haya baridi tayari imekufika mifupani, kushonesha si jibu la mwezi huu.

Arbuni ndipo watu wanapoumia. Fundi anahitaji pesa za kununua ngozi, hilo ni halali, lakini usitoe zaidi ya gharama ya ngozi yenyewe, yaani nusu hivi. Kama unaweza, mnunue pamoja. Nenda naye soko la Kariokor au kwa muuzaji mwingine wa ngozi, mchague shuka zilizotiwa rangi kwa mkupuo mmoja, maana weusi wa leo na weusi wa mwezi ujao havifanani juani, kisha mlipe muuzaji mwenyewe. Andikianeni kwenye ujumbe wa simu: futi ngapi, ngozi ya mbuzi au ng'ombe, bitana ya aina gani, zipu ya chuma au plastiki, siku ya kuchukua. Ujumbe wa simu haupotei kama karatasi.

Halafu zile ndogondogo zinazokula bajeti. Ukituma pesa kwa namba ya simu, utalipa ada ya kutuma na fundi ataomba “na ya kutolea”. Ukilipa kwa namba ya till, hukatwi. Saizi kubwa huongeza futi, sawa, lakini uliza kabla, si baada. Mfuko wa ndani, mikanda ya mabegani, zipu za mikononi, kila kimoja kina bei yake. Muhimu kuliko yote: tundu la sindano kwenye ngozi halifungi. Kitambaa kikipanuliwa, mstari wa zamani hupotea. Ngozi ikipanuliwa, matundu yanabaki yakikutazama. Kwa hiyo dai kujaribishwa likiwa limeungwa kwa gundi tu, kabla ya cherehani. Fundi anayekataa hilo atakuomba umwongezee pesa za marekebisho.

Na mtumba? Kwa mtu mwenye 5,000 au 6,000 anayetaka jaketi wiki hii, mimi nasema soko la Gikomba, asubuhi, umati wa kufungua mabelo mapya ukishapungua. Ngozi halisi iliyovaliwa miaka kumi imekwisha lainika, na iliyokuwa na kasoro imeshaonyesha kasoro. Kwa 3,500 unaweza kupata kitu ambacho kikiwa kipya kingekuwa mara nne ya hapo.

Kagua pale jasho linapokaa: kola, makwapa, ncha za mikono. Kunja ngozi katikati ya vidole. Mikunjo midogo inayorudi ni uhai. Nyufa nyeupe zinazobaki ni ngozi iliyokwisha mafuta, na dawa itaipamba tu. Wauzaji wengine hupulizia rangi usiku kufunika nyufa hizo. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa kidogo. Kikitoka cheusi, shusha bei au ondoka. Vuta mshono wa kwapani kwa vidole viwili. Mshono ukifumuka lakini ngozi imekaa, hiyo ni kazi ya shilingi mia chache. Ngozi ikichanika kando ya mshono, liache.

Zipu mbovu isikuogopeshe, ila iingize kwenye bei. Jaketi 3,500, zipu mpya na ufundi wake 500, bitana mpya 1,200, dawa ya ngozi 400: umetumia 5,600. Zaidi ya bitana na zipu, usikubali kurekebisha kitu kikubwa. Kupunguza mabega ya jaketi la ngozi ni karibu kulishona upya, na kila fundi mwaminifu atakuambia hivyo.

Tuyaweke pamoja kwa mwaka. Bandia ya 2,500 ikikupa miaka miwili, ni 1,250 kwa mwaka. Mtumba wa 5,600 ukikupa sita, ni chini kidogo ya 950. La karakana la 14,000 ukilivaa miaka kumi na miwili, ni karibu 1,170, na hapo uwe umelitunza. Mtumba unashinda kwa pesa. Karakana inashinda kwa mtu asiyepata saizi yake sokoni: mrefu sana, mwenye mabega mapana, au anayevaa jaketi hilo kila siku ya kazi. Bandia inashindwa kwa wote isipokuwa yule asiye na hata 3,500, na yeye namwambia asikope kwa simu ili kuongeza. Riba ya mkopo wa mwezi mmoja, ukiuzungusha mara mbili tatu, inameza tofauti yote niliyoihesabu hapa.

Waendesha bodaboda wana hesabu yao. Jaketi la fasheni lina unene wa milimita 0.7 hadi 1. Upepo linazuia, lami halizuii. Ukianguka, unahitaji ngozi ya ng'ombe ya milimita 1.1 hadi 1.3, tabaka la juu, mishono miwili sambamba, na pedi za viwiko na mabega. Ngozi ya mbuzi ni ngumu kuliko inavyoonekana, lakini nyembamba mno ikishonwa kwa ajili ya mtindo. Mtumba wa pikipiki kutoka nje ni mzito na watu wengi huukwepa sokoni kwa sababu hiyo, hivyo wakati mwingine bei yake ni ya chini kuliko ule wa kupendezea. Huo chukua.

Utunzaji ni gharama pia. Ngozi haifuliwi. Maji mengi na sabuni huondoa mafuta yaliyolishwa kiwandani, na jua la kukaushia hufanya mikono isimame yenyewe. Likinyeshewa, lipanguse, litundike kivulini kwenye henga pana, lipake dawa likiwa limekauka. Kopo moja la dawa huenda mwaka mzima. Usiliweke kwenye mfuko wa plastiki, hasa kama unakwenda nalo Mombasa, ambako kuvu hulipata kabla yako. Shuka la pamba linatosha. Kusafisha ngozi kwa dry cleaner hutozwa mara kadhaa ya bei ya koti la kawaida, na baadhi hupokea jaketi kisha wakalipeleka kwingine. Badilisha bitana, ni rahisi kuliko hapo.

Siku ya kuchukua jaketi la kushonesha, usilipe salio mlangoni. Livae, inua mikono yote juu, kaa kwenye kigoda, funga na kufungua zipu zote mara kadhaa. Tazama mgongo kwa kioo cha pili. Kisha, kabla ya kutuma kilichobaki, dai mabaki ya ngozi yako, hata vipande vya ukubwa wa kiganja. Ulivilipia kwenye zile futi nane za ziada, na ndivyo pekee vitakavyolingana rangi siku utakapohitaji kiraka cha kiwiko.